SOMO LA KIKUNDI: INVETA INAYOLIA NYUMBANI



Katika masomo yetu ya usalama tumezoea kusema juu ya kelele za kiwandani: misumeno, vinu, jenereta, kompresa. Safari hii tutazungumza juu ya kelele ndogo ambayo mfanyakazi ameinunua mwenyewe kwa fedha zake, akaitundika ukutani, na huenda bado anailipia mkopo. Ni ule mlio mwembamba wa inveta ya sola, unaofanana na mbu asiyetua.

Baadhi yenu mtacheka. Mtu aliyekaa gizani miaka mingi akapata umeme wa jua, atalalamikaje juu ya mlio? Lakini viongozi wa matawi wameanza kuletewa mashauri ya namna hiyo. Hapa Jinja tunaishi karibu na bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, wakati huo likiitwa Owen Falls na siku hizi Nalubaale, na hata hivyo wengi wetu tunaweka sola kwa sababu taa huzimika. Basi inveta zimeingia katika nyumba za kupanga, ambako vyumba vimeshikana na ukuta mmoja ni wa watu wawili.

Shauri nililoletewa mimi lilikuwa la wanachama wawili wa tawi moja. Mmoja alikopa katika chama cha kuweka na kukopa, akanunua paneli, betri na inveta ili aendeshe friji ndogo ambayo mke wake huuzia maji baridi na soda. Wa pili amepanga chumba cha pili yake, naye yuko zamu ya usiku. Hurudi saa moja asubuhi, akaoga, akala, akalala kama saa mbili na nusu. Sasa fikirini: inveta ya sola hufanya kazi kwa nguvu saa ngapi? Ni tangu saa nne hadi saa tisa mchana, jua likiwa kali, betri zikijazwa na friji ikivuta. Ndizo saa ambazo mtu wa zamu ya usiku anatafuta usingizi.

Alilalamika. Akajibiwa kwamba hakuna mlio wowote, ni wivu wake tu. Wakafika mahali pa kutosalimiana, na maneno ya kukatiana waya yakasikika. Hayo ni ya majirani na yangeweza kupoa. Lililonishtua ni jingine: msimamizi wa zamu alikuwa amemwandikia huyu wa usiku onyo kwa kusinzia mbele ya mashine ya kukata. Anayesinzia mbele ya mashine ya kukata anaweza kupoteza vidole kabla ya kupoteza kazi. Hapo ndipo mlio wa nyumbani unapokuwa jambo la chama.

KWA NINI MMOJA ASIKIE NA MWINGINE ASISIKIE

Mwenye inveta hakusema uongo. Kweli hakuusikia mlio ule, na ni lazima tuanze hapa, kwa sababu ugomvi mwingi wa namna hii unatokana na kudhani kwamba masikio yote ni sawa.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Hewa ikitetemeka mara chache kwa sekunde tunasikia sauti nene, kama ya ngoma kubwa. Ikitetemeka mara nyingi tunasikia sauti nyembamba, kama filimbi. Mtoto mwenye masikio mazima husikia mitetemo kuanzia 20 hivi kwa sekunde hadi karibu 20,000. Kadiri mtu anavyozeeka, sauti za juu kabisa humpotea kwanza. Wengi wetu tuliopita miaka 40 hatusikii tena vizuri sauti zinazozidi 15,000 kwa sekunde, na wazee hupoteza zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtoto akisema, "Baba, kile kisanduku kinapiga filimbi," na baba hasikii kitu, asimwite mtoto mwongo. Ampeleke shangazi au kijana mwingine asikilize.

Kuna sababu ya pili ambayo inatuhusu sana sisi. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika kelele kubwa bila kinga huharibika sikio, na uharibifu huo kwa kawaida huanzia kwenye sauti za mitetemo 4,000 hivi kwa sekunde, ndipo hupanuka. Yeye mwenyewe hagundui, kwa kuwa bado anasikia watu wakiongea. Mwenye inveta wetu alikuwa na miaka 19 katika chumba cha kompresa. Mkewe aliusikia mlio tangu siku ya kwanza, lakini hakuwa ameulizwa.

Hii haina maana kwamba inveta ni kipimo cha daktari. Ila kama watu wote wa nyumba wanasikia mlio na wewe peke yako husikii, nenda ukapimwe masikio, na mwambie mpimaji unafanya kazi gani. Kama kazi ndiyo iliyokuharibu, kuna haki zinazofuata, na karatasi ya vipimo ndiyo msingi wake.

MLIO UNATOKA WAPI

Paneli na betri hutoa umeme unaokwenda upande mmoja tu. Vyombo vyetu vya nyumbani vinataka umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, volti 240. Kazi ya inveta ni kuugeuza ule wa kwanza uwe huu wa pili. Ndani yake hamna gia wala mkanda. Kuna transista, ambazo ni kama swichi ndogo sana zinazofunga na kufungua umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kuna koili, yaani waya uliozungushwa kwenye chuma au kwenye unga wa chuma uliogandishwa. Kuna kapasita, ambazo hushika umeme na kuuachia. Halafu kuna feni ya kupoza.

Umeme ukipita katika koili huifanya sumaku. Sumaku huvuta. Ukipita na kukatika, huvuta na kuachia, na waya hutikisika kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Kama koili imebanwa vizuri kwa vanishi au gundi, mtikisiko ni mdogo. Kama kiwanda kimebana senti kwenye gundi, au joto la miaka limeikausha, koili inaimba. Kapasita nyingine ndogo za udongo wa kauri nazo hujikunja na kujikunjua umeme unapobadilika, na kibao zilichochomelewa kinakuwa kama ngozi ya ngoma.

Zipo inveta za aina mbili, na milio yake ni tofauti. Ya kwanza ni ile nzito yenye transfoma kubwa ya chuma. Hiyo huvuma kwa sauti nene ya mitetemo 100 kwa sekunde, kwa sababu chuma huvutwa mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, na mizunguko ni 50. Ya pili ni nyepesi, mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Hiyo haina transfoma kubwa. Swichi zake hukata kwa kasi ya mara 16,000 hadi 20,000 kwa sekunde, nyingine zaidi. Wengi hawasikii kasi hiyo. Vijana huisikia ikiwa iko upande wa chini.

Sasa liko jambo linalowashangaza watu: inveta nyingine hulia zaidi usiku, wakati imebaki taa moja tu na simu inayochajiwa. Mtu hudhani imeharibika, kwa kuwa haina mzigo na bado inalia. Sivyo. Mashine nyingi zimeundwa kuokoa umeme mzigo unapokuwa mdogo. Badala ya kukata mfululizo, hufanya kazi kidogo, hupumzika kidogo, hufanya tena. Ule mwendo wa kufanya na kupumzika huweza kuwa mara elfu moja au elfu chache kwa sekunde, na hapo ndipo masikio yetu ni makali kuliko mahali pengine pote. Ukiwasha taa ya pili au ya tatu, mlio unaweza kubadilika au kukoma. Huo ni ushahidi mzuri, uandikeni.

Feni ni habari nyingine. Feni mpya hupuliza tu. Feni iliyojaa vumbi huunguruma, na beringi ikikauka hupiga kelele kama panya. Watu wengi wanaosema inveta yao "inapiga filimbi" kumbe ni feni ya bei ndogo iliyochakaa, na vumbi letu la barabara za murram linaijua sana kazi hiyo.

Tena kuna kelele ambazo si za inveta hata kidogo. Inveta za bei ya chini kabisa hazitoi umeme unaopanda na kushuka taratibu kama wa waya za mtaani; hutoa umeme wa ngazi, unaoruka juu na chini. Friji, feni ya dari na transfoma ya redio vikipewa umeme huo huvuma na kupata joto kuliko kawaida. Hapo ukinunua raba za kuweka chini ya inveta umepoteza fedha, maana kinacholia ni feni ya dari.

KUTAFUTA CHANZO

Fundi mzuri hasemi "badilisha inveta" kabla ya kusikiliza. Nasi tusiwe wepesi kuliko fundi. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja wao akiwa kijana mwenye masikio mazuri, na daftari.

Kwanza andika saa ambazo mlio unasikika kwa siku tatu au nne: asubuhi, adhuhuri, usiku, jua likiwa kali au limefunikwa na wingu. Mlio unaokuja adhuhuri na kupungua wingu likipita unatokana na kazi ya kubeba umeme wa paneli na kujaza betri. Mlio wa usiku wa manane unatokana na mzigo mdogo, au na chaja ya simu, kwa maana chaja nazo zina koili ndogo na baadhi hulia vivyo hivyo.

Kisha chomoa vyombo kimoja kimoja. Chomoa friji, sikiliza. Chomoa televisheni, sikiliza. Chomoa chaja zote, hata ile isiyo na simu. Kama mlio umekufa ulipochomoa kitu fulani, kirudishe uone kama unafufuka. Usiamini jaribio la mara moja.

Baada ya hapo tumia kipande cha mpira wa maji wa urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, ncha nyingine ipitishe polepole nje ya kisanduku, bila kuiingiza katika matundu. Utasikia wazi kama sauti iko upande wa feni, upande wa koili, au kama ni ukuta wenyewe unaovuma. Simu ya kisasa nayo inaweza kusaidia, kwa kuwa kuna programu zinazochora sauti na kuonyesha mitetemo mingapi kwa sekunde. Hizo zinafaa pia kwa yule asiyesikia, maana ataona mstari kwa macho yake. Kwa shauri letu la Jinja, mstari ule ulifanya kazi ambayo maneno yangu ya nusu saa hayakuifanya. Lakini kiasi cha ukali wa kelele kinachoonyeshwa na simu msikichukue kama kipimo cha mahakamani. Kitumieni kulinganisha kabla na baada, simu ile ile, mahali pale pale.

Kelele moja haitaki kuchunguzwa. Ukisikia kuchatachata, kama mafuta ya kukaanga, au ukinusa plastiki inayoungua, au mahali waya unapoingia pamekuwa pa moto au rangi imegeuka kahawia, hiyo ni waya iliyolegea na umeme unaruka. Zima mzigo, zima inveta, kata swichi ya paneli, halafu ya betri, na mwite fundi. Umeme wa paneli ni mbaya kuliko wa mtaani katika jambo hili: ukianza kuruka hauzimiki wenyewe kwa urahisi, kwa sababu haurudi nyuma kamwe. Nyumba huungua hivyo.

MSIFUNGUE KISANDUKU

Nasema hili peke yake kwa sababu najua wanachama wetu. Mtu aliyezoea kufungua mota kiwandani anaona kisanduku chenye skrubu sita ni kitu cha dakika kumi, apake gundi kwenye koili, afunge. Jamani, kapasita za ndani katika inveta nyingi hushika mamia ya volti hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa. Paneli nazo hazina swichi ya jua. Mradi kuna mwanga, waya zake zina umeme, na paneli nne zilizofuatanishwa kwa mstari zinaweza kutoa zaidi ya volti 150. Tena ukivunja lakiri umepoteza dhamana, na mwenye duka atafurahi.

Kazi ambazo mwanachama anaweza kufanya mwenyewe ni za nje ya kisanduku, mashine ikiwa imezimwa: kupiga vumbi kwa brashi kavu, kukaza skrubu za kuning'inizia, kuweka raba. Kubadilisha feni, kuhamisha waya za betri na kugusa chochote cha paneli ni kazi ya fundi wa umeme.

DAWA ZAKE

Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 148, unaohusu hewa chafu, kelele na mitetemo kazini. Mkataba huo unahusu kazini na si nyumbani, lakini mpango wake tunaweza kuuazima. Unasema kelele ishughulikiwe kwanza kwa ufundi, kwenye mashine na mahali pake. Kisha kwa mpango wa kazi. Na vifaa vya kujikinga mtu binafsi huja pale mengine yasipotosha. Waajiri wengi hupenda kuupindua, wakaanza na kugawa vizibo vya masikio. Sisi nyumbani tusifanye kosa lao.

Kwa mashine yenyewe, safisha feni. Kama inalia baada ya kusafishwa, fundi aibadilishe kwa feni ya ukubwa ule ule na volti zile zile. Hii ni dawa ya bei nafuu kuliko zote. Kama ni koili inayolia na inveta bado ina dhamana, irudishwe dukani pamoja na daftari lako la saa na majaribio. Muuzaji akisema "zote hulia hivyo", mwombe awashe nyingine ya aina ile ile dukani, na mzigo ule ule. Mara nyingi hutaona mbili zinazolia sawa. Kama mlio ni wa mzigo mdogo, kitabu cha inveta huenda kina mahali pa kubadilisha hali ya kuokoa umeme. Ukiizima mlio unaweza kwisha, lakini betri itatumika kidogo zaidi usiku. Hapo mwenye nyumba achague.

Kwa mahali pake, kuna mengi ya kufanya. Inveta iliyofungwa kwenye ubao mwembamba, mlango wa kabati au bati huufanya ubao wote uwe spika. Ifungwe kwenye ukuta wa tofali au saruji. Kati ya ukuta na chuma cha kuning'inizia weka vipande vya raba: tyubu ya gari iliyokunjwa mara mbili au tatu inafaa, na soli ya kandambili pia, mradi isiwe karibu na mahali pa joto. Skrubu nazo zipewe washa ya raba, kwa sababu skrubu moja inayogusa chuma kwa ukuta inatosha kupitisha mtetemo wote. Usikaze mpaka raba ikapondeka.

Halafu ukuta uwe upi? Usiwe ule wa kitanda, wala wa kitanda cha jirani. Katika uwanja wazi, kila unapoongeza umbali mara mbili sauti hupungua desibeli 6; ndani ya chumba hupungua kidogo kuliko hivyo kwa kuwa kuta huirudisha. Sauti nyembamba ina udhaifu mmoja unaotufaa: huzuiwa kwa urahisi na kitu kizito. Mlango mzuri na ukuta wa tofali huikata. Lakini hupenya tundu. Ukuta ukiishia chini ya bati bila kufika juu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kupanga, sauti itapita juu yake na kazi yote ni bure. Zibeni pale juu, na uwazi wa chini ya mlango uzibwe kwa nguo iliyokunjwa. Ule mvumo mnene wa transfoma ni mkaidi zaidi, hupita hata ukutani. Dawa yake ni raba na umbali.

Mtu akihamisha inveta, asiiache betri mbali. Hili nimeliona likifanywa vibaya mara nyingi. Inveta ya volti 12 inayotoa wati 1,000 huvuta kutoka kwenye betri zaidi ya ampea 83. Ukirefusha waya ile ile kwa mita sita, umeme utapotea njiani, waya itapata moto, na inveta italia kengele ya betri dhaifu hata kama betri imejaa. Kwa hiyo betri na inveta vihame pamoja, waya iwe fupi na nene, na ule mrefu uwe upande wa volti 240. Betri za asidi zinapojazwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, basi zisifungiwe kabatini pamoja na inveta. Stoo yenye dirisha ni nzuri.

Na msiifunike. Nimeona inveta iliyovikwa blanketi na nyingine iliyojengewa sanduku la trei za mayai. Trei za mayai hazizuii sauti kama watu wanavyodhani, na huwaka haraka. Blanketi huzuia hewa, feni hukimbia zaidi, kelele huongezeka, na mwisho mashine huungua. Kama una blanketi zito la ziada, litundike chumbani mwako upande wa ukuta wa jirani, mbali na mashine. Huko litasaidia kumeza sauti nyembamba.

Mpango wa saa nao ni dawa. Katika shauri letu, friji iliwekewa barafu ya chupa zilizogandishwa asubuhi, ikazimwa tangu saa tano hadi saa nane mchana katika siku za zamu ya usiku. Inveta ilihamishwa kwenye ukuta wa upande wa pili, juu ya raba ya tyubu, na gharama ya fundi wakagawana kwa makubaliano yaliyoandikwa. Mlio haukwisha kabisa. Ulibaki kidogo adhuhuri, lakini yule wa usiku akawa anapata usingizi wake wa saa tano au sita.

Vizibo vya masikio viwe vya mwisho. Vile vya sponji laini hupunguza sana sauti nyembamba vikiingizwa sawasawa, lakini pamba ya kawaida haisaidii kitu. Na mama mwenye mtoto mchanga hawezi kulala ameziba masikio.

JE, MLIO HUU UNADHURU?

Kuziba sikio moja kwa moja, hapana. Kazini nchi nyingi hutumia kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na inveta ya nyumbani iko chini sana ya hapo. Anayewaambia watu kwamba inveta huleta uziwi anawatisha bure. Madhara yake ni ya usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaja desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala kwa kelele isiyokatika, na hiyo ni kimya sana. Inveta yenye feni inayozunguka ndani ya chumba kimoja na kitanda huipita kwa urahisi. Anayelala mchana ana haki ya kimya sawa na anayelala usiku, ingawa dunia yote imeamka.

KABLA YA KUNUNUA

Chama cha akiba na mikopo kinapowapa wanachama kumi mikopo ya sola, hao kumi ni wateja wazito. Wasinunue mmoja mmoja kama watu wasiojuana. Wachague watatu waende dukani na mzigo wa kujaribia, kwa mfano pasi ya umeme na taa moja, na kijana mmoja wa kusikiliza. Inveta iwashwe bila mzigo, kisha na taa tu, kisha na pasi, kama inveta ina uwezo wa kuibeba. Waulize kama umeme wake ni wa kupanda taratibu au wa ngazi. Wasome karatasi ya kiwanda. Nyingine hutaja kelele kwa desibeli, na kama haitaji, waulize kwa nini. Waombe iandikwe kwenye risiti kwamba mashine ikilia kupita ile iliyojaribiwa inarudishwa katika siku kadhaa mtakazokubaliana. Muuzaji aliyekataa kumwandikia mtu mmoja atafikiri mara mbili mbele ya kumi.

Kwa wapangaji: kabla fundi hajatoboa ukuta wa pamoja, jirani aulizwe kitanda chake kiko wapi. Ni swali la dakika moja. Mkishindwa kuelewana, leteni daftari la saa kwa mwakilishi wa tawi kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa LC 1, kwa sababu mwenyekiti akiona ushahidi ulioandikwa na pande zote mbili ataamua kwa haraka, na akikuta matusi atawarudisha nyumbani.

MASWALI YA KIKUNDI

Kikundi kisome somo kwa sauti, kisha kijadili haya. Katika tawi letu ni wanachama wangapi wa zamu ya usiku wanaolala mchana katika vyumba vya kupanga, na kinachowaamsha ni nini? Ni nani kati yetu ambaye hajapimwa masikio tangu aanze kazi katika chumba chenye kelele, na ni nani anayepaswa kulipa gharama ya kipimo hicho? Mwanachama ana inveta ya volti 12 chumbani na anataka kuihamishia baraza, betri ibaki ndani: mtamshauri nini, na kwa sababu gani? Inveta inalia ikiwa na taa moja, inanyamaza ikiwa na taa tatu: ni mbovu?

Kwa mkutano ujao kila kikundi kichague nyumba moja yenye inveta, kiandike saa za mlio kwa siku tatu, na kilete daftari. Anayeishi katika nyumba hiyo asiwe ndiye mwandishi.